Kadi na Mtutu: Haki ya Silaha Unguja ni ya Nani?

Jioni ya tarehe 7 Aprili 1972 Mzee Abeid Amani Karume alikuwa makao makuu ya Afro-Shirazi Party, Kisiwandui, akicheza bao na wenzake. Ndiyo ilikuwa desturi yake: Rais wa nchi, bila makuu, mbele ya ubao na komwe. Waliokuja kumuua walimkuta hapo hapo. Aliyehusishwa na risasi za jioni ile, Luteni Humud Mohammed Humud, alikuwa ofisa wa jeshi la nchi, na miongoni mwa walioshtakiwa baadaye kwa kula njama walikuwamo watu waliotokana na Umma Party, chama kilichojivunja na kuingia ndani ya ASP miaka minane kabla. Hawakuwa wavamizi kutoka ng'ambo ya bahari. Bunduki iliyokuwa ikilinda chama ndiyo iliyoingia katika ofisi ya chama.

Huko Marekani kuna swali linalorudi kila uchaguzi: je, mtu anaweza kuwa mtiifu kwa chama chake na wakati huo huo akatetea haki ya raia kumiliki bunduki, hata pale chama kinapotaka kuidhibiti? Swali hilo ukilileta barazani Jaws Corner, kwenye kahawa, utachekwa. Nani kati yetu ana bunduki? Mkaazi wa Mji Mkongwe akisikia mlio hudhani fataki za sikukuu, na akijua kuwa si fataki hufunga mlango. Lakini kicheko hicho kinaficha jambo. Visiwa hivi vimeishi na swali hilo kwa ukali zaidi kuliko Wamarekani, ila kwa kichwa chini miguu juu. Wao huuliza kama chama kinaweza kuvumilia bunduki ya raia. Sisi tumekuwa tukiuliza, mara nyingi kwa kunong'ona, kama bunduki inaweza kukaa bila chama.

Hoja ya makala haya ni kuwa utiifu wa chama na haki ya silaha haviwezi kukaa chungu kimoja. Vinapokaa, kinachopikwa humo ni fadhila. Haki humfikia hata adui yako. Fadhila humfikia mwenzako tu, na hulipwa kwa utiifu.

Funzo kutoka mbali

Tuwaangalie kwanza Wamarekani, kwa sababu wao wana haki hiyo kwenye katiba tangu mwaka 1791, pamoja na nchi mbili tu nyingine duniani, Mexico na Guatemala. Mtu angedhani kuwa haki iliyoandikwa wazi namna hiyo haitegemei chama. Historia yao inasema vingine.

Tarehe 2 Mei 1967 vijana weusi wa Black Panther Party waliingia katika bunge la jimbo la California, mjini Sacramento, wakiwa na bunduki mikononi. Walikuwa wakipinga muswada wa kuzuia watu kubeba silaha zenye risasi hadharani, muswada ulioletwa kwa sababu yao, kwani walikuwa wakiwafuata polisi mitaani wakiwa na silaha ili kuwachunga wasiwapige watu weusi. Gavana aliyetia saini sheria hiyo ni Ronald Reagan wa Republican, chama ambacho leo hujiita mlinzi mkuu wa bunduki ya raia. Chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, hakikusimama upande wa vijana wale.

Upande wa pili kuna John Dingell wa Michigan, mbunge wa Democratic kwa miongo mingi na mjumbe wa bodi ya NRA. Mwaka 1994 chama chake na Rais Bill Clinton walipoleta sheria ya uhalifu iliyopiga marufuku baadhi ya bunduki za kivita, Dingell alijiuzulu kutoka bodi ya NRA na kuipigia kura sheria hiyo. Alipobanwa kati ya viwili, alikwenda na chama.

Mifano hiyo miwili inatufundisha jambo moja. Hata pale haki ilipoandikwa, mshikaji wa kadi huitetea kwa bidii mradi bunduki iko kwa mtu anayefanana naye. Ikihamia mkono mwingine, au chama kikigeuza msimamo, haki hupata masharti mapya. Kipimo chake basi ni chepesi: je, uko tayari mpinzani wako awe na leseni ile ile? Kipimo hicho tutakibeba hadi barazani Unguja.

Bunduki kabla ya kadi

Zanzibar haikuwa ngeni kwa silaha. Katika karne ya 19 kisiwa hiki kilikuwa soko la bunduki la Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza hapa alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita Zanzibar kila mwaka kwenda bara. Zilikwenda na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa, zikanunua mamlaka huko zilikofika. Mataifa ya Ulaya yaliposaini Mkataba wa Brussels mwaka 1890, yakiwa na nia ya kuzuia biashara ya watumwa, yalizuia pia silaha kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Kwa maneno mengine, Mzungu alimpokonya Mwafrika bunduki kwa hoja ya ubinadamu, kisha yeye akabaki nayo.

Alichobaki nacho kilionekana tarehe 27 Agosti 1896. Seyyid Khalid bin Barghash alijitangaza mfalme bila idhini ya Waingereza, meli zao zikaipiga kasri ya pwani, na katika muda usiofika dakika 45 watu wapatao 500 wa upande wake walikuwa wamekufa au kujeruhiwa. Tangu siku hiyo hadi uhuru, bunduki Unguja ilikuwa ya serikali, na serikali haikuwa ya wenyeji.

Hapa pana mzizi wa tabia yetu. Watu wa visiwa hivi hawakupata kuiona bunduki kama chombo cha raia. Waliiona kama alama ya aliyeshika nchi. Vyama vya siasa vilipozaliwa katika miaka ya 1950 havikuingia kwenye mjadala wa nani awe na leseni. Viliingia kwenye mbio za nani atakabidhiwa ghala.

Kosa la Ziwani

Kwanza tuondoe dhana moja. Pasipo na bunduki si lazima pawe na amani. Fujo za uchaguzi wa Juni 1961 ziliua watu 68, na nyingi ya roho hizo zilitolewa kwa panga na marungu, mashambani na mjini. Chuki za vyama, zilizochanganyika na za asili na ardhi, hazikungoja mtutu. Anayesema kuwa kudhibiti silaha kunatosha kulinda nchi na ugomvi wa vyama ajibu kwanza Juni 1961.

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Disemba 1963 ikiwa haina jeshi. Ilikuwa na polisi tu. Serikali ya muungano wa Zanzibar Nationalist Party na Zanzibar and Pemba People's Party ilikuta ndani ya polisi hao askari wengi wenye asili ya bara, na ikawatilia shaka kuwa nyoyo zao ziko kwa ASP. Ikaanza kuwaondoa. Wakati huo huo ikakipiga marufuku chama cha Umma cha Abdulrahman Mohamed Babu, siku chache kabla ya Mapinduzi. Kwa hesabu ya chama, hatua hizo zina mantiki: mwenye bunduki awe wetu, asiye wetu asiwe na bunduki.

Kwa hesabu ya dola zilikuwa balaa. Askari aliyefukuzwa anavuliwa sare tu, kumbukumbu yake inabaki naye. Anajua ghala liko wapi, zamu inabadilishwa saa ngapi na mlango upi hufungwa kwa komeo bovu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, watu wenye mapanga, mikuki na pinde walivamia makao makuu ya polisi Ziwani na kambi ya Mtoni. Kabla ya jua kupanda walikuwa na bunduki. Nchi isiyo na jeshi hushikwa na yule anayeshika ghala la polisi, na serikali iliyodumu mwezi mmoja na siku mbili ikaanguka. Yaliyofuata, mauaji na watu kukimbia makwao, bado ni jeraha ambalo familia nyingi za Unguja hulizungumzia kwa sauti ya chini.

Inafaa tuliseme hili bila kuegemea upande. Mtego wa kuifanya bunduki iwe ya chama haukubuniwa na ASP. Waliotangulia kuutega ni ZNP na ZPPP, na ukawanasa wenyewe.

Ghala la chama

John Okello, aliyejitangaza Jemadari kupitia redio huko Raha Leo, aliamini kuwa waliochukua bunduki Ziwani watabaki nazo. Hawakubaki nazo. Mwalimu Nyerere alipeleka polisi kutoka Tanganyika, wafuasi wa Okello wakaanza kunyang'anywa silaha, na ilipofika Machi Okello mwenyewe alikuwa ameshatolewa visiwani. Umma nayo ikaingia ndani ya ASP. Jeshi la ukombozi lililoundwa hapa likaja kuunganishwa katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoanzishwa Septemba 1964.

Wanaotetea bunduki ya raia kwa hoja kuwa ndiyo kinga dhidi ya dhulma wana kesi ya kujibu hapa. Mapinduzi yaliyofanywa na raia waliojitwalia silaha hayakuzaa raia wenye silaha. Katika wiki chache mitutu ilihama kutoka mikononi mwa watu kwenda kwa Baraza la Mapinduzi, na baraza hilo likatawala bila uchaguzi kwa miaka 16. Uchaguzi wa kwanza baada ya 1964, ule wa Baraza la Wawakilishi na urais, ulifanyika mwaka 1980. Raia alipompa mtu mwingine bunduki, kura ilikuwa imeshatangulia kwenda.

Bara hali haikuwa mbali. Januari 1964, siku chache baada ya Mapinduzi, askari wa Tanganyika Rifles waliasi, jeshi likavunjwa, na jeshi jipya likajengwa kwa vijana waliotoka Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha Tanganyika. Somo alilolipata Nyerere lilikuwa kwamba askari asiye na chama ni hatari. Mwongozo wa TANU wa Februari 1971, uliotoka baada ya Wareno kuishambulia Guinea na Idi Amin kupindua serikali Uganda, ukalifanya somo hilo kuwa sera: wananchi wafunzwe mgambo, na chama kiliongoze jeshi. Kwa maneno ya leo tungesema raia alipewa haki ya kushika silaha. Kwa ukweli alipewa zamu. Alilenga shabaha chini ya kamanda wa chama, akarudisha bunduki ghalani, akaenda nyumbani kulala.

Hata chui wa Unguja aliliona hilo. Baada ya Mapinduzi ilianzishwa kampeni ya kumsaka, ikiongozwa na mganga mashuhuri aliyejulikana kwa jina la Kitanzi, kwani chui wengi waliaminika kufugwa na wachawi. Baadaye kazi hiyo ikaendelezwa na Wasasi wa Kitaifa, vikundi vyenye baraka za serikali. Uwindaji, ambao kwengine duniani ndio hoja ya kwanza ya mkulima anayetaka bunduki yake, hapa ulipewa jina la kitaifa na ukawekwa chini ya mkono wa dola. Leo chui huyo hajulikani kama yupo.

Mfumo huu ulikuwa na mantiki yake, na tusiudharau. Waliopindua mwaka 1964 waliogopa kwa dhati kurejea kwa usultani, na waliona nchi nyingi za Afrika zikipinduliwa na makamanda wasio na itikadi. Wakaamini kuwa dawa ni itikadi. Kisiwandui iliwaonyesha mpaka wa dawa hiyo. Luteni aliyehusishwa na kifo cha Karume alikuwa ndani ya mfumo, na sababu zake, kwa wanaosimulia, zilikuwa na kisasi cha baba yake ndani yake. Kadi haisomi moyo.

Ibara ya 147 na mtaa wa Mwembetanga

Mageuzi ya mwaka 1992 yalipoleta vyama vingi, Katiba ya Muungano ilifanya jambo kubwa kimyakimya. Ibara ya 147 inampiga marufuku mtu, shirika au kikundi chochote, isipokuwa Serikali, kuunda jeshi la aina yoyote. Na inamkataza askari wa Jeshi la Ulinzi, Polisi, Magereza au Jeshi la Kujenga Taifa kujiunga na chama chochote cha siasa, ingawa kura yake anabaki nayo. Kwa maneno mawili, Katiba imelijibu swali letu: ukishika bunduki ya nchi, rudisha kadi.

Ibara hiyo ilikuwa safi kwenye karatasi. Mitaani ilikuta mazoea ya miaka 28. Uchaguzi wa Oktoba 1995 uliisha kwa Dk. Salmin Amour wa CCM, chama kilichozaliwa na TANU na ASP, kutangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani cha CUF. Katika nchi iliyogawika nusu kwa nusu namna hiyo, askari akionekana tu kuwa wa upande mmoja, nusu ya watu humwona adui. Lugha ya siasa ikachukua sura ya mapambano. CUF wakajiita ngangari, na Mkuu wa Jeshi la Polisi wa wakati huo, Omar Mahita, akajibu kuwa polisi nao ni ngunguri. Watu walicheka. Lakini polisi akishajibizana na chama kwa kaulimbiu, ameshapanda jukwaani.

Kicheko kiliisha Januari 2001. Ijumaa ya tarehe 26, polisi walifyatua risasi msikitini Mwembetanga, mjini Unguja, wakaua watu wawili, mmoja wao imamu. Kesho yake CUF waliandamana kudai uchaguzi wa Oktoba 2000 urudiwe, na risasi zikaanguka zaidi Pemba. Tume iliyoundwa na Rais, chini ya Brigedia Hashim Mbita, ilihesabu vifo 31. Human Rights Watch walisema waliouawa hawakupungua 35. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya.

Hapa kuna jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka. Wale waliokwenda Shimoni walikuwa na kila sababu, kwa hesabu za Kikongo au za Kisomali, za kurudi na bunduki. Pwani hii haikosi majahazi. Walirudi na mizigo yao. CUF ikaendelea kudai kura na mazungumzo, na Oktoba 2001 ukasainiwa Muafaka wa pili kati yake na CCM. Upinzani wa Zanzibar, kwa hasira zake zote, haujawahi kuifanya haki ya kumiliki silaha kuwa dai lake. Ulichodai ni kuwa bunduki iliyopo isiwe na rangi.

Rangi hiyo ilikuwa ikizidi kukolea. Zanzibar ina Idara Maalum zake chini ya Ibara ya 121 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984: Jeshi la Kujenga Uchumi, KMKM na Chuo cha Mafunzo, na pembeni yake Valantia na Zimamoto. Zimetajwa kwa kazi za uchumi, magendo, wafungwa na moto, na kila siku zinafanya kazi hizo. Siku za uchaguzi wananchi huziona kwa kazi nyingine. Mwaka 2005 mitaa ilijaa neno jipya, Janjaweed, kwa makundi yaliyopiga watu usiku. Mwaka 2015, mwaka ambao Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alifuta uchaguzi wa Oktoba, neno likabadilika likawa mazombi: watu waliofunika nyuso, waliopita kwenye gari wakiwa na silaha na marungu, wakivunja maskani na kupiga waliokutwa. Nguvu ya zombi iko katika kutojulikana. Askari mwenye namba kifuani anaweza kushtakiwa. Mwenye uso uliofunikwa hana chama, hana kikosi, hana jina, na kwa hiyo hana pa kupelekwa.

Tangu Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2018 imeongezeka kura ya mapema, ambapo askari na wasimamizi hupiga kura siku moja kabla ya umma. Nia yake ni kuwa wawe huru siku ya pili kulinda vituo. Lakini mwaka 2020 kura hiyo ndiyo iliyokuja na mvutano na damu Pemba, kwa sababu upinzani uliiona kama siku ya kura za wenye bunduki peke yao. Mtu anaweza kusema tuhuma hiyo ni ya haki au si ya haki. Kilicho wazi ni kuwa ilizaliwa na shaka ile ile ya tangu Ziwani, kwamba mwenye mtutu ana kadi mfukoni.

Hoja za barazani

Ukikaa Michenzani karibu na Maskani ya Kisonge ya CCM, ambako ubao wake wa chaki umeshawachoma wengi, utasikia hoja ya kwanza. Nchi hii ilipatikana kwa Mapinduzi, haikupatikana kwa vikaratasi, kwa hiyo kulindwa kwake hakuwezi kuachiwa vikaratasi. Mwenye hoja hii si lazima awe mtu katili. Babu yake huenda alikuwa kuli bandarini au mchuma karafuu aliyekuwa hana neno mbele ya mwenye shamba. Anaogopa. Lakini hoja yake inajila yenyewe. Ikiwa bunduki ndiyo hati ya umiliki wa nchi, basi aliyeshika bunduki tarehe 11 Januari 1964 naye alikuwa na hati, na Mapinduzi yalikuwa wizi. Hakuna mwana-Mapinduzi atakayekubali hilo. Anachokiamini kwa kweli ni kuwa wengi walikuwa wamedhulumiwa. Huo ni ushahidi wa kura, na unamrudisha kwenye vile vikaratasi.

Ukivuka barabara ya Benjamin Mkapa ukarudi Mji Mkongwe, kwenye maskani za upinzani kama Jaws Corner, utasikia hoja ya pili, mara nyingi kutoka kwa kijana: kama wao wana vikosi, na sisi tuwe na vyetu. Vyama vya Tanzania viliwahi kulifuata wazo hilo kwa kiasi fulani, CCM ikiwa na Green Guard, CUF na Blue Guard, CHADEMA na Red Brigade, vijana wa sare wasio na bunduki lakini wenye ukakamavu wa kijeshi. Mabadiliko ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2019 yalivikataza vyama kuunda vikundi vya namna hiyo. Marufuku hiyo ni sahihi, hata kama aliyeiandika alikuwa na yake moyoni. Chama kidogo chenye kikosi hakiwi salama zaidi. Kinakuwa na sababu ya kupigwa. Uganda wameonja upande wa pili wa njia hiyo: NRM ilitokana na jeshi la msituni, makada wake walipitishwa kwenye mafunzo ya chaka-mchaka yenye somo la bunduki, na mpaka leo jeshi lina viti 10 bungeni. Chama kilichozaliwa na bunduki hutumia miaka mingi kuikumbuka nasaba yake.

Hoja ya tatu ni ya asiye na chama, mwenye duka Darajani au mwenye hoteli ndogo Nungwi: mimi nataka bastola kwa ajili ya wezi, siasa haihusu. Huyu ndiye anayekaribia zaidi lile swali la Kimarekani. Anayo njia, kwani Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inaruhusu raia kumiliki silaha kwa leseni. Ila sheria zetu zinaanzia kwenye kibali, si kwenye haki. Kibali hutolewa na mtu, na mtu huyo hutazama usalama. Katika wilaya, usalama husimamiwa na kamati inayoongozwa na mkuu wa wilaya, mteule wa Rais, ambaye kwa kawaida ni kada. Huenda kada huyo ni mwadilifu kuliko wote. Tatizo ni kwamba mwombaji hawezi kujua kama amenyimwa kwa rekodi yake au kwa maskani anayokaa jioni. Hata mwenye duka asiyependa siasa anajikuta anaipima kadi yake kabla ya kujaza fomu.

Tuwapitishe wote watatu kwenye kile kipimo. Mtu wa Kisonge hataki mwenzake wa Jaws Corner awe na bunduki. Wa Jaws Corner hataki wa Kisonge awe nayo. Mwenye duka yuko radhi jirani yake awe nayo mradi si yule jirani. Kwa hiyo hakuna Unguja anayedai haki ya silaha. Kila anayeizungumzia anadai sehemu yake.

Kinachowezekana

Sidhani, basi, kuwa Zanzibar inahitaji mjadala wa kuwapa raia bunduki. Kisiwa chenye watu wanaoishi ukuta kwa ukuta, walioshuhudia panga la 1961 likifanya kazi ya mtutu, hakitapata salama kwa kugawa mitutu mitaani. Mjadala unaotufaa ni ule ambao Ibara ya 147 iliuanzisha mwaka 1992 na hatujaumaliza: kuitoa kadi kwenye ghala.

Kuna njia zisizohitaji ndoto. Idara Maalum zinaweza kufungwa na sheria zibaki kwenye kazi zake wakati wa uchaguzi, na ulinzi wa vituo uwe wa polisi peke yao, kwani polisi ni jambo la Muungano na wana mahali pa kushtakiwa. Askari yeyote anayeonekana barabarani awe na uso wazi na namba inayosomeka. Kura ya mapema, ikibaki, ihesabiwe mbele ya mawakala wote kama kura nyingine. Na tume zikiundwa, kama ile ya Mbita, ripoti zake zifikie mahakamani, zisiishie rafuni. Baada ya ghasia na vifo vilivyotokea Bara katika uchaguzi wa Oktoba 2025, hili la mwisho si la Wazanzibari peke yao.

Maridhiano ya 2009, pale Rais Amani Karume na Maalim Seif waliposhikana mikono, na kura ya maoni ya Julai 2010 iliyoungwa mkono na asilimia 66.4, yalionyesha kuwa jambo hilo linawezekana. Uchaguzi wa mwaka huo ulikuwa wa karibu mno, asilimia 50.1 kwa 49.1, na hakukuwa na mazishi. Vikosi vilikuwa vile vile, silaha zile zile. Kilichobadilika ni kuwa kila upande uliamini kuwa ukishindwa leo utabaki kuwa na nafasi serikalini kesho, kwa hiyo askari hakuhitajika kuwa wa mtu.

Nikipita Kisiwandui hukumbuka kuwa mchezo uliokatizwa jioni ile ulikuwa bao, na si drafti. Kwenye drafti kete zina rangi, zako na zangu. Komwe za bao zote ni kijivu. Zilizo upande wako ni zako mpaka pale mwenzako atakapopata mtaji, azile, azipande kwake, na tangu hapo zinakupiga wewe. Mchezaji mzuri halalamiki kuwa komwe zimemsaliti. Anajua hazikuwahi kumwahidi kitu.